Matusi ya Kikwetu

Hapana, usiniambie hivyo. Usiniambie lugha ikifa hakuna anayeumia, eti watu wanahamia nyingine kama mtu anavyohama nyumba ya kupanga, anabeba godoro na sufuria zake na maisha yanaendelea. Nimekusikiliza mpaka mwisho, na kwangu kumsikiliza mtu mpaka mwisho ni kazi ngumu, uliza yeyote pale Gitega, mtaa wa hapa Kigali, ninapotengeneza simu. Sasa nisikilize na wewe. Na kabla hatujafika mbali: bibi yangu hakuchanganyikiwa. Ukirudia neno hilo tutakosana.

Bibi alitoka upande wa Tanzania, kando ya ziwa kubwa. Babu alimkuta huko wakati watu wetu wanaishi ukimbizini, akamuoa, na waliporudi Rwanda akaja naye. Lugha ya kwao ina jina. Silitaji, kwa sababu kila nikilitaja mtu ananiuliza, "Si ni kama Kihaya?" na damu inanipanda. Bibi mwenyewe alikuwa anaiita Kikwetu, basi, na mimi naiita hivyo hivyo. Wanasema hata huko kwao vijana siku hizi wanaongea Kiswahili tu, Kikwetu kimebaki kwa wazee, na wazee wanaondoka mmoja mmoja. Hapa Kigali sikuwahi kumwona akikiongea na mtu mzima mwenzake. Hata siku moja.

Watoto wake hakuwafundisha. Babu alitaka wajue Kinyarwanda, ili siku ya kurudi wasirudi kama wageni, na Bibi alimpenda Babu. Akaweka Kikwetu pembeni kama mtu anavyoweka nguo yake nzuri chini ya sanduku. Mama yangu alikua na Kinyarwanda cha baba na Kiswahili cha shule, na cha mama yake hakupata kitu.

Mimi nilipata. Nilipata matusi.

Usicheke. Kwao bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, mjukuu wa kike ni mke mwenza wake, na wake wenza lazima watukanane, la sivyo watu watafikiri kuna ugomvi wa kweli. Kwa mtoto wako wa kuzaa huwezi kufanya hivyo, ni aibu. Kwa mjukuu ni wajibu. Kwa hiyo Bibi, aliyekaa kimya miaka yote hiyo kwa ajili ya Babu, siku nilipoanza kuongea alifungua mdomo.

Kila asubuhi, kwetu Nyakabanda, kabla sijanawa uso, alikuwa anakaa kwenye kigoda chake karibu na imbabura, jiko letu la makaa, ananisubiri. Anasema kwa Kikwetu, nakutafsiria:

"Umeamka, mwizi wa waume? Hata jogoo ameona aibu kukuamsha."

Na mimi najibu:

"Nimeamka, kitako cha chungu. Mume wetu ameniambia uji wako unanuka moshi."

Mume wetu ni Babu, picha yake ipo ukutani. Alikufa kabla sijazaliwa. Tulimgombania hivyo hivyo. Bibi alikuwa anasema Babu amelala kwake, mimi nasema hapana, nimemwona mlangoni kwangu ameshika viatu mkononi. Bibi anacheka mpaka anashika mbavu. Ndipo ananimiminia chai. Siku nikiamka na hasira, nisipojibu, chai haimiminwi. "Ukinyamaza," aliniambia, "umenifukuza." Basi nikajifunza kujibu hata nikiwa na homa. Matusi mengi sana. Ya miguu, ya mapishi, ya kitanda, ya namna mtu anavyotembea akitoka kisimani. Lakini ukiniambia niombe maji kwa Kikwetu, sijui. Kusema asante, sijui. Hakuna mke mwenza anayesema asante.

Mama alikuwa anatusikia kutoka jikoni. Siku moja tu alisema kitu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Mimi ni mtoto wake wa tumboni sijui hata neno. Wewe unajua matusi." Akaendelea kuchambua. Nikachukua ndoo, nikaenda bombani.

Halafu Bibi akaanguka. Asubuhi, kwenye bomba la uani, ndoo ikiwa imejaa nusu. Kiharusi. Hospitali walimhudumia vizuri, siwezi kusema vibaya, na akarudi nyumbani, mkono na mguu wa kulia vikiwa vizito, mdomo umeenda upande. Kwanza hakusema kitu. Kisha sauti ikarudi, tukashukuru Mungu, na ndipo tukagundua kwamba imerudi na Kikwetu peke yake. Kiswahili, hamna. Kinyarwanda, hamna. Ukimsemesha anakutazama kwa heshima, kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

Na akawa hali chakula.

Mama anampelekea uji, Bibi anainamisha kichwa kidogo, anasema sentensi moja, ile ile, polepole, anaweka mkono wake mzima juu ya kifua na anafunga mdomo. Viazi vilivyopondwa, sentensi ile ile. Ndizi laini, sentensi ile ile. Maji anakunywa. Chakula, hapana. Mama alibadilisha vikombe, akabadilisha vijiko, akapika na mchuzi wa sangara kama wa kwao. Sentensi ile ile. Bibi alikuwa mwembamba tangu zamani. Sasa ukimnyanyua ilikuwa kama kunyanyua nguo.

Mjomba wangu akaja kumwona. Ni mtu mzuri, ila mdomo wake unamtangulia.

"Yewe, mukecuru, huyu mama muzee, amechanganyikiwa," akasema, amesimama pale pale kitandani. "Hiyo siyo lugha. Iko ni kelele ya ugonjwa tu."

"Toka nje," nikamwambia.

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe. Toka nje useme huko, hapa anasikia."

Mama akanishika mkono. Mjomba akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi na kofia yake magotini, na nilipotoka kumwaga maji nikamkuta analia. Sikumwomba msamaha. Nilimpelekea chai.

Na mimi nilikuwa nimeshajaribu lile nililo nalo. Siku ile ile aliporudi kutoka hospitali nilikaa kando ya kitanda, nikamwambia kwa Kikwetu, "Umeamka, kitako cha chungu? Mume wetu anakuulizia." Nilikuwa na uhakika. Nilisema moyoni, hii itamfikia tu, hii ni yetu. Bibi alinitazama. Akavuta kitenge mpaka kwenye kidevu, taratibu, akageuza uso ukutani.

Umeshawahi kumwona mtu unayempenda akikugeuzia mgongo kwa adabu? Ni afadhali angenipiga.

Nesi aliyekuwa anakuja kumwangalia, msichana wa rika langu, ndiye aliyesema neno la maana. Alisikiliza ile sentensi, akamwomba Bibi kwa mkono airudie, Bibi akarudia.

"Hii siyo kelele, sha," nesi akasema. "Angalia macho. Iko anajibu kitu. Tafuteni mtu wa kwao, na haraka. Kwa maji peke yake hawezi kufika mbali."

Mtu wa kwao. Kigali hii, utampata wapi? Kule Tanzania ndugu zake tuliowajua walikuwa wamekwisha, na namba moja tuliyokuwa nayo ilikuwa haiingii. Nikairekodi ile sentensi kwenye simu, nikaenda nayo Gitega.

Kibanda changu ni meza moja, mwavuli, na mimi. Ufundi nilijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu simu za nyumbani kwanza. Wateja wangu wanatoka kila mahali: Wanyarwanda waliokulia Burundi, waliokulia Uganda, Wakongo, watu wa Tanzania wanaoleta mizigo. Nikaweka sheria. Kila anayekaa mbele yangu, kabla sijagusa simu yake, anasikiliza kwanza.

"Kioo kimepasuka tu, dada, niko na haraka."

"Kioo kitakuja. Sikiliza hapa."

"Nani huyu?"

"Bibi yangu. Anasema nini?"

Mama mmoja wa Bukavu alisikiliza akafumba macho, akasema inafanana na ya watu fulani wa kisiwani lakini siyo. Kijana wa Kampala akasema ni kama Kinyankole kilichokunywa pombe, nikamrudishia simu yake bila kuitengeneza. Dereva wa lori wa Mwanza akasema, "Hii naijua kwa masikio, lakini kwa maana, hapana. Bibi yangu mzaa baba alikuwa anaongea hivi. Sisi tulikuwa tunakimbia kucheza." Huyo nilimtazama sana. Alikuwa na umri wa mama yangu, na baada ya kusema vile aliomba kuisikiliza tena na tena, mpaka mimi ndiye nikamwonea huruma.

Siku zikapita na Bibi anakunywa maji. Nilikuwa nalala na simu kifuani.

Aliyenifungulia njia ni kijana wa moto, hizi pikipiki za kubeba watu, wa kule Niboye upande wa pili wa jiji, aliyekuja na simu iliyoingia mvua. Alisikiliza amevaa kofia yake ya pikipiki, ameinua kile kioo cha mbele tu. Akacheka.

"Kwa nini unacheka?"

"Pole, dada. Hii nimeisikia. Maana yake sijui, lakini hii tyuni naijua. Kuna muzee hapo kwetu anatengeneza vyerehani. Cherehani ikikataa, anaitukana na sauti kama hii."

"Anaitukana?"

"Vibaya sana. Watoto wanaenda kusimama pale kusikiliza. Hakuna mutu anajua anasema nini, lakini unaona tu hii ni matusi."

Nilifunga mwavuli. Nikamwambia simu yake nitaitengeneza bure, anipeleke sasa hivi.

Sasa sikiliza kosa langu, kwa sababu sidhani kuna mtu mwingine duniani anaweza kulifanya.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa. Yule mzee anaishi na binti yake, na huyo binti ni mtu wa kwaya, na siku hiyo wanakwaya wenzake walikuwa wamekaa kibarazani na sare zao, wanakunywa fanta. Mzee mwenyewe amekaa pembeni na cherehani ya kukanyaga imelala ubavu mbele yake. Mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, bisibisi mkononi. Nikasimama mbele yake nikiwa nahema. Nilitaka kumsalimia kwa lugha yake, kwa heshima, ajue kwamba sikuja kumchezea. Na heshima pekee niliyokuwa nayo kwa Kikwetu ni ile ya asubuhi. Nikapiga goti kidogo, nikaunganisha mikono, nikasema mbele ya kwaya yote:

"Umeamka, mwizi wa waume? Kitanda chako kinanuka moshi, hata kunguni wamehama."

Wanakwaya wakatabasamu, wakidhani namtakia baraka.

Mzee hakutabasamu. Aliweka bisibisi chini.

"Rudia," akasema kwa Kiswahili.

Nikarudia. Akashika ukingo wa cherehani kwa mikono miwili, nikaogopa, nikadhani nimemuua mzee wa watu. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya mwanamke, ya mwanamke mwenye dharau, mkono kiunoni. Akanijibu kwa Kikwetu tusi ambalo sikuwa nalijua, kuhusu matako yangu na ungo. Akamaliza, akapangusa macho kwa kiganja.

"Mama yangu alikuwa anamwambia mama mdogo hivyo," akasema. "Kila asubuhi. Mimi niko nyuma ya ghala, mtoto, nacheka. Sijasikia maneno hayo tangu hapo." Halafu akakunja uso. "Lakini binti, nani kakufundisha kumwambia mwanamume maneno ya mke mwenza?"

"Bibi. Sijui mengine, mzee. Ndiyo yote niliyo nayo."

"Yote?"

"Yote ni matusi."

Binti yake akasogea. "Baba, kuna shida? Anasema nini huyu?"

"Ananisalimia," mzee akasema. "Mletee kiti."

Nikampa simu. Akaiweka sikioni kama watu wanavyoweka saa waone kama inatembea. Alisikiliza mara moja tu.

"Huyu mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Nyakabanda."

"Anakula?"

"Hali. Maji tu."

"Maji atakunywa. Maji hata mpita njia anapewa." Akanirudishia simu. "Anasema: asante, lakini hamjaniuliza."

"Hatujamuuliza nini?"

"Ndiyo maana hali. Kwetu mgeni hapakuliwi hivi hivi. Anafika, anapewa maji, anakaa. Mwenye nyumba anamuuliza: wewe ni wa nani? Naye anajitaja. Wa baba fulani, wa mama fulani, wa ukoo huu, mpaka mpatane mahali. Hapo ndipo chakula kinakuja. Ukila kabla hujaulizwa, umekula kama mbwa mlangoni." Akanitazama. "Mama wa watu anasikia lugha asizozijua, anaona sura asizozikumbuka. Anajua yuko ugenini. Anangoja aulizwe. Kila mkimletea anashukuru, na anawakumbusha."

Nilikaa kwenye kile kiti. Nikafikiria vile vikombe. Nikafikiria Mama na mchuzi wake wa sangara, na Bibi yangu, na njaa yote ile tumboni, anaweka mkono kifuani na kusema asante. Anatushukuru. Anaona aibu kutukumbusha.

"Na mimi nilimtukana," nikasema. "Alinigeuzia mgongo."

"Wewe ungefanyaje? Hujaulizwa hata jina, mtoto wa nyumba ya watu anakuja kukutukana."

Sitaki kukuambia nililia kiasi gani mbele ya kwaya ile. Waliniimbia. Hawakujua kisa, waliniimbia tu.

Kesho yake alikuja Nyakabanda, kwenye moto ya kijana yule, akilalamika njia nzima kuhusu mashimo na vilima. Suti, kofia, viatu vimepakwa rangi. Nilidhani ataingia moja kwa moja amuulize Bibi. Akakataa kuvuka kizingiti.

"Mimi ni mgeni pia. Mgeni haulizi mgeni. Mwenye nyumba ni nani?"

"Mimi nitauliza," nikasema. "Mimi ndiye niliyekutafuta."

"Wewe ni mke mwenza. Mke mwenza hana nyumba. Nyumba ni ya nani?"

Mama alikuwa amesimama karibu na imbabura na kijiko cha uji mkononi. Tulimgeukia wote wawili.

Ningekudanganya nikisema sikukasirika. Nilikasirika. Halafu nikaona uso wa Mama, na hasira ikakosa pa kukaa.

Mzee akamfundisha pale uani. Maneno ni machache, unaweza kuyasema kwa pumzi moja, lakini yana mlima katikati, sauti inapanda halafu inashuka, na Mama kila mara alikuwa anaishusha mapema. "Siyo hivyo, mama. Usimuulize kama polisi. Muulize kama mtu aliyekuwa anakusubiri." Mama akarudia. Uji ukaungua chini, tukaupika mwingine. Majirani wawili wakasimama ukutani kusikiliza, na mimi niliwatazama mpaka wakakumbuka kazi zao. Mama, mwenye nywele nyeupe, anajifunza kutoka kwa mtu baki sentensi ambayo mama yake mwenyewe hakumpa. Aliirudia mpaka ikawa inatoka bila kufikiri. Kisha akafunga kitenge vizuri, akaingia.

Bibi alikuwa macho. Mama hakukaa kitandani kama siku zote. Alichukua kigoda, akakaa chini yake kidogo, akamwangalia, akauliza.

Wewe ni wa nani?

Bibi aliweka kitenge chake sawa. Alijaribu kujiinua, Mama akamwekea mto. Akapangusa ule upande wa mdomo ulioenda pembeni. Na akaanza. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuwa na haraka, kama mtu anayefungua mzigo na kuweka kitu kimoja kimoja mezani. Mzee alikuwa nje ya mlango, nyuma ya pazia, anatutafsiria kwa sauti ya chini. Mimi ni wa baba fulani, mtega samaki. Wa mama fulani, wa upande wa mwinuko. Wa bibi fulani, aliyezikwa penye mawe mawili. Majina ambayo nyumba hii haikuwahi kuyasikia, Mama anayasikia kwa mara ya kwanza akiwa na mvi kichwani. Akamtaja Babu: nimeolewa na mtu wa milimani, mtu mpole. Na akasema: nina binti. Akamtaja jina.

Halikuwa jina la Mama tunalolijua. Kisha mzee akasema, "Ni jina la kwetu. Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha na jua linawaka."

Mama hakujua ana jina hilo. Miaka yote, Bibi alikuwa nalo, analiweka chini ya sanduku pamoja na nguo ile nyingine. Sitalitaja hapa. Ni lake.

Mama akauliza kwa Kiswahili, bila kugeuka, "Nimwambieje kwamba ndiye mimi?"

Mzee akamwambia. Mama akasema. Bibi akamtazama muda mrefu, akanyoosha ule mkono mzima, akamshika sikio, kama mtu anavyomshika mtoto sikio kwenye umati asipotee. Halafu macho yake yakapita juu ya bega la Mama, yakanikuta mimi mlangoni, nimesimama kama mlinzi. Mdomo wake uliopinda ukapinda zaidi.

"Na huyu mwizi wa waume," akasema, "bado yupo?"

Nikajibu. Sauti yangu ilikuwa mbovu, lakini nilijibu. Nilimwambia nipo, kitako cha chungu, na mume wetu amehamia kwangu na viatu vyake vyote.

Akacheka nusu ya uso. Akafungua mdomo, Mama akamlisha uji.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Anakula. Kila asubuhi anafika upya, hajui yuko kwa nani, na kila asubuhi Mama anakaa kwenye kigoda na kumuuliza, na Bibi anafungua mzigo wake wote tena. Mama sasa anayajua yale majina kuliko rozari. Mzee anakuja Jumapili. Nimekuambia jinsi desturi ya kwao isivyo na huruma? Walipopatana kwenye koo, ikaonekana kwamba mzee ni wa ukoo uliooa kwa akina Bibi, kwa hiyo kwa Bibi yeye ni mkwe, na mkwe hatazamani na mama mkwe uso kwa uso. Watu wawili pekee ninaowajua wenye lugha hiyo katika jiji zima, na hawaruhusiwi kuonana. Basi anakaa kibarazani, anaongea na pazia. Bibi anajibu kutoka kitandani. Wanaongea mambo ya samaki, mzee anatuambia, na ya mvua. Nikiwapelekea chai mzee anaguna kwamba sukari ni kidogo.

Watu wananiambia, rekodi. Nimerekodi. Simu yangu imejaa, nimefuta picha zangu zote nipate nafasi. Lakini juzi nilijaribu kitu. Nilikaa peke yangu kibandani, nikafungua tusi moja la Bibi, nikalijibu. Simu ikanyamaza. Nikalijibu tena. Simu haikucheka, haikushika mbavu, haikunimiminia chai.

Mzee ana kifua kibaya msimu huu. Bibi naye, miaka yake wewe hesabu mwenyewe. Mama ana swali moja na majina. Mimi nina matusi. Wakiondoka hao wawili tutabaki mimi na Mama, na kwa desturi siwezi kumtukana mama yangu.

Na kuna siku kichwa changu nacho kitaanguka penye bomba. Kitarudi nyuma, na najua kitarudi wapi: kwenye kigoda, asubuhi, makaa yanawaka. Nitamwambia nesi wa watu kitanda chake kinanuka moshi, nitangoja anijibu, na mtu fulani atasimama juu yangu aseme nimechanganyikiwa.

Haya. Wewe mwenye lugha nne mdomoni, zote nne za kazini: siku hiyo, nani atakutukana?